Walichokidai Makomredi: Chama cha Umma na Haki za Wafanyakazi wa Zanzibar

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Dubai, neno "komredi" halitamkwi kwa sauti ya juu. Wazee waliotoka Unguja na Pemba baada ya Januari 1964 hulitaja kwa ufupi, kama mtu anavyomtaja jirani aliyemkosea, kisha mazungumzo yakahamia kwenye mengine. Vijana waliozaliwa Deira au Sharjah wanajua kwamba makomredi walikuwa watu wa Babu, kwamba baadhi yao walifuga ndevu na kuvaa kama Wacuba, na kwamba walikuwa "makomunisti". Kitu gani hasa walikuwa wakikitaka, na kwa ajili ya nani, ni suali ambalo mara chache huulizwa barazani.

Mimi nimelelewa katika nyumba ya Hizbu. Nilipokuwa mdogo niliamini kuwa Chama cha Umma kilizuka usiku mmoja ili kuipindua serikali, na kwamba habari za wafanyakazi zilikuwa kisingizio tu. Nilipoanza kusoma nikaona kwamba mambo hayakuwa hivyo. Madai ya wafanyakazi wa Zanzibar yalikuwepo kabla ya Babu hajatia mguu wake katika siasa, na baadhi ya waliyoyadai makomredi yalitekelezwa baadaye na serikali iliyokivunja chama chao. Makala hii inajaribu kuyaeleza madai hayo, yalikotoka na yalikoishia.

Kibarua, hamali na mshahara

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno ya kazi katika Kiswahili cha Unguja yana historia ndani yake. Hamali ni neno la Kiarabu lililokuja na mabandari. Mshahara ni malipo ya mwezi, kutokana na neno shahr. Ujira nao ni ndugu wa ujra. Lakini kibarua ni neno letu wenyewe kwa umbo, na ndilo lenye kisa kirefu zaidi. Ni barua ndogo: kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kutwa ili jioni akioneshe, apate malipo yake. Katika karne ya 19 wengi waliofanya kazi hiyo mjini Unguja walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao, kwa kawaida nusu, ilikwenda kwa bwana. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, lakini jina la karatasi likabaki kuwa jina la mtu. Hata leo anayefanya kazi ya kutwa anaitwa kibarua, na si wengi wanaokumbuka kwamba wanamwita karatasi.

Mtu wa namna hii hakuwa na mkataba wala likizo. Akiumia bega kwa gunia la karafuu, kesho yake nafasi yake ilichukuliwa na mwengine. Mashambani hali ilikuwa ya sura nyengine. Mchumaji wa karafuu alilipwa kwa pishi, na mkaazi wa shamba la mtu aliruhusiwa kupanda mihogo na ndizi chini ya mikarafuu kwa sharti la kulipalilia shamba. Mpango huo ulikuwa na faida kwa pande zote mbili maadamu hakuna ugomvi. Ugomvi ulipokuja, mwenye shamba alikuwa na ardhi na sheria upande wake, na mkaazi alikuwa na mihogo yake tu.

Mgomo wa kwanza mkubwa uliotikisa kisiwa ulitokea bandarini. Tarehe 20 Agosti 1948 wachukuzi wa African Wharfage Company waliacha kazi. Vita Kuu vya Pili vilikuwa vimepandisha bei za vitu kuliko ujira, na habari za mgomo wa Mombasa wa Januari 1947 na ule wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba mwaka huo zilikuwa zimefika Malindi kwa mabaharia na wasafiri. Mgomo wa wachukuzi ulienea mjini ukawa mgomo wa jumla mwanzoni mwa Septemba. Aliyejitokeza kuwasemea wafanyakazi alikuwa Abbas Othman. Hapakuwa na chama cha siasa nyuma yake, kwa kuwa vyama vya siasa vya aina tuliyoizoea vilikuwa havijazaliwa. Hizbu yenyewe ilitokana na wakulima wa vijijini waliopambana na serikali katika Vita vya Ng'ombe, huko Kiembesamaki, Julai 1951. Jina lake la awali, Hizbul Watan li Raiat Sultan Zanzibar, lilikuwa la kumtii Mfalme, lakini wanachama wake wa mwanzo walikuwa watu wa jembe. Hili husahauliwa na wanaoisema Hizbu kuwa ilikuwa chama cha mabwana tu. Na wanaosema kwamba mabwana hawakuwemo, nao wana lao la kusahau.

Vyama viwili vya wafanyakazi kwa mji mmoja

Katika miaka ya mwisho ya 1950 vyama vya wafanyakazi viliongezeka haraka, na siasa ikavigawa kama ilivyogawa misikiti, maduka na mazishi. Upande mmoja kulikuwa na Shirikisho la Wafanyakazi wa Zanzibar na Pemba, lililokuwa karibu na Afro-Shirazi Party, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Hassan Nassor Moyo, fundi seremala. Upande wa pili kulikuwa na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Kimaendeleo, lililokuwa karibu na Hizbu, na katibu wake alikuwa Ahmed Badawi Qullatein. La kwanza lilifungamana na vyama huru vya nchi za Magharibi, la pili na shirikisho la dunia lililoungwa mkono na nchi za kisoshalisti. Vita Baridi vilikuwa vimefika hadi kwa hamali wa Forodhani.

Matokeo yake, kila mgomo ulisomwa kwa miwani ya chama. Wafanyakazi wa shirikisho moja wakigoma, wa shirikisho la pili waliweza kuletwa kuziba nafasi zao, na tajiri akacheka. Kwa upande wa shamba hali ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 baadhi ya wenye mashamba wa Hizbu waliwafukuza wakaazi waliompigia kura Afro-Shirazi, na wafuasi wa Afro-Shirazi nao wakasusia maduka ya Waarabu na ya wanachama wa Hizbu. Familia zetu zinayakumbuka sana yale ya maduka. Yale ya wakaazi waliong'olewa mihogo yao hatukuyasikia sana nyumbani, na nadhani ni haki tuyaandike katika jarida hili.

Hapo ndipo anapoingia Abdulrahman Muhammad Babu. Alizaliwa Unguja mwaka 1924, akafanya kazi ya ukarani katika jumuiya ya wakulima wa karafuu, kisha akaenda London mwaka 1951. Huko alifanya kazi posta na kusoma, akakutana na siasa za kushoto na wapigania uhuru wa Afrika nzima. Mwaka 1957 Hizbu ilimrejesha awe katibu mkuu. Ilikuwa kazi aliyoiweza. Alijenga matawi, akaanzisha jumuiya ya vijana, akatuma wanafunzi Cairo, Peking, Berlin ya Mashariki na Havana, na akatoa jarida la habari lililoitwa ZANEWS. Sheikh Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa Hizbu, alikuwa mtu wa dini na wa utaifa wa Kiarabu wa zama za Nasser. Babu alikuwa Mmarx. Kwa miaka sita walipanda jukwaa moja, kwa sababu adui wa wote wawili alikuwa Mwingereza.

Uhuru ulipokaribia, suali la nini kitafuata baada ya Mwingereza lilikataa kusubiri. Babu alifungwa mwaka 1962 kwa kosa la uchochezi, akatoka mwaka 1963. Muda si mrefu akagombana na wenzake juu ya uteuzi wa wagombea na juu ya sera. Alitaka chama kitangaze wazi kitawafanyia nini watu wa chini, na kisimamishe wagombea watakaokubalika katika majimbo ya Afro-Shirazi. Wenzake waliona hilo ni kuwapa wapinzani mlango. Akajitoa, na katikati ya mwaka 1963 Chama cha Umma kikazaliwa. Shirikisho la Qullatein likamfuata, na hilo ndilo pigo lililoiuma Hizbu kuliko kuondoka kwa Babu mwenyewe: waliokwenda naye walikuwa wafanyakazi wa mjini, mabaharia, waandishi wa habari na vijana wenye bidii ya kutembea nyumba kwa nyumba.

Nini hasa walidai

Jina lenyewe lilikuwa dai. Kwa Kiarabu umma ni taifa au jamii, na kwa Muislamu neno hilo lina uzito wa dini. Katika Kiswahili cha siasa cha miaka ile lilikuwa limeanza kutumiwa kwa maana ya watu wengi wa kawaida, wasio na cheo wala shamba. Babu alilichukua kwa maana hiyo ya pili, lakini la kwanza halikutoweka masikioni mwa watu. Kusema "umma" kulikuwa ni kusema kwamba Mshihiri anayebeba gunia, Mmakonde anayechimba mtaro, Mpemba anayepanda mkarafuu na Mngazija anayeshona kofia ni kitu kimoja kabla ya kuwa makabila.

Hilo ndilo lilikuwa dai lao la kwanza, na mengine yote yalitegemea juu yake: wafanyakazi waungane bila ya kabila. Si jambo jepesi kulisema katika nchi ambayo Juni 1961 watu 68 walikuwa wameuawa katika fujo za uchaguzi, wengi wao Waarabu wa mashamba. Hizbu ilisema sote ni Wazanzibari na Waislamu, kwa hiyo hakuna ubaguzi. Afro-Shirazi ilisema Mwafrika ndiye mwenye nchi na ndiye aliyeonewa. Umma walisema kwamba jawabu zote mbili zinamficha mtu anayelipa ujira. Kwao, hamali wa Kishihiri aliyelala godauni hakuwa bwana wa mtu yeyote kwa sababu tu ya nasaba yake, na bepari mweusi hakuwa ndugu wa kibarua kwa sababu tu ya ngozi yake.

La pili lilikuwa uhuru wa chama cha wafanyakazi: haki ya kujiunga, kujadiliana na tajiri kwa pamoja, na kugoma bila ya kufukuzwa. Hapa palikuwa na jambo la dharura. Baada ya uchaguzi wa Julai 1963, ambapo Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31, serikali ya Waziri Mkuu Mohamed Shamte ilileta sheria za kuipa uwezo wa kuzuia vyama na magazeti. Umma na Afro-Shirazi walizipinga kwa sauti moja. Kwa mfanyakazi sheria hiyo haikuwa ya wanasiasa peke yao, maana chama kinachoweza kufungwa kwa saini ya waziri hakiwezi kumtisha tajiri yeyote.

La tatu lilikuwa uchumi. Zanzibar ilikula kwa karafuu. Bei ikishuka London, Bombay au Jakarta, skuli ya Pemba ilipungukiwa chaki. Mwaka 1963 hazina ilikuwa na hali mbaya, na serikali mpya ikapunguza matumizi. Makomredi walisema kisiwa kilime chakula chake, kianzishe viwanda vidogo, na kiuze kwa nchi nyingi badala ya kuegemea zao moja na mnunuzi mmoja. Babu aliishikilia hoja hii maisha yake yote, hata alipokuwa waziri wa Muungano, na hata katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu usoshalisti wa Kiafrika: nchi isiyokula inacholima na isiyotengeneza inachotumia haiwezi kumlinda mfanyakazi wake, hata ikiwa na sheria nzuri namna gani. Ni hoja ya mchumi kuliko ya mtu wa jukwaani, na pengine ndiyo sababu haikupata kelele kubwa.

Kisha kulikuwa na ardhi kwa anayeilima, na skuli na matibabu kwa kila mtu bila ya kuangalia mfuko wake. Haya ya mwisho hayakuwa ya Umma peke yao. Afro-Shirazi nao waliyadai, na hata ndani ya Hizbu walikuwepo walioyataka. Tofauti ilikuwa katika nani alipe. Hizbu walitegemea ukuaji wa mapato na msaada. Umma walisema kwamba haiwezekani bila ya kugusa mali ya wachache.

Haifai tudhani kwamba haya yalikuwa mawazo ya Unguja tu. Aden, ambako jamaa zetu wengi walikuwa na mashina, ilikuwa na shirikisho la wafanyakazi tangu 1956, na mwaka 1962 shirikisho hilo lilizaa chama cha kisoshalisti cha Abdullah al-Asnaj. Bahrain ilitikiswa na mgomo wa wafanyakazi wa mafuta Machi 1965. Qatar nayo ilikuwa na migomo yake. Redio Cairo ilisikika kwa Kiswahili Ng'ambo na kwa Kiarabu Deira. Baharia aliyeshusha boriti Dubai na kurudi na tende Malindi alipita katika bandari ambazo zote zilikuwa zikiuliza suali moja.

Januari

Mwanzoni mwa Januari 1964, chini ya mwezi mmoja baada ya uhuru wa tarehe 10 Disemba, serikali ilikipiga marufuku Chama cha Umma. Babu akavuka kwenda Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia tarehe 12 vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni vilivamiwa. Sihitaji kuwaeleza wasomaji wa jarida hili yaliyofuata. Kila familia ina hesabu yake ya waliouawa, na hesabu ya waliopakiwa majahazini kuja Ghuba. Sultan Said bin Taimur hakuwa na hamu ya kuwapokea Wazanzibari Oman, na wengi walijikuta Dubai, Kuwait na kwengineko hadi mambo yalipobadilika mwaka 1970.

Makomredi hawakuyaanzisha mapinduzi, na juu ya hilo wanahistoria wengi wanakubaliana. Walijiunga nayo yalipokuwa yamekwisha kuanza, na wale waliopata mafunzo Cuba wakasaidia kuyaweka katika utaratibu. Kwa upande wetu hilo haliwaondolei lawama zote. Walikuwa ndani ya serikali wakati damu ilipokuwa bado mbichi, na dai lao la kwanza, la mfanyakazi asiye na kabila, lilikuwa likizikwa kila siku mbele ya macho yao. Hamali wa Kishihiri, yule yule, alifukuzwa au kuuawa kwa nasaba yake. Wapo makomredi walioandika baadaye kwamba waliokoa watu, na naamini. Lakini hakuna aliyeweza kuandika kwamba waliliokoa lile dai.

Machi 1964 Umma kikajiunga na Afro-Shirazi na kukoma kuwa chama. Vyama vya wafanyakazi navyo viliunganishwa kuwa shirikisho moja la kimapinduzi, kisha vikamezwa na Afro-Shirazi na kugeuzwa kuwa idara ya chama tawala. Haki ya kugoma ikatoweka. Hoja ilikuwa kwamba serikali sasa ni ya wafanyakazi, na mtu hawezi kugoma dhidi ya nafsi yake. Hoja hiyo haikutumika Zanzibar peke yake. Tanganyika, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, shirikisho la wafanyakazi lilivunjwa na NUTA ikaundwa chini ya mkono wa serikali. Kenya, ambayo haikujiita ya kisoshalisti kwa maana hiyo, ilikusanya vyama vyake ndani ya COTU mwaka 1965. Serikali tatu zenye maneno matatu tofauti zilikubaliana kwamba mfanyakazi hahitaji sauti isiyopitia kwao.

Kilichotolewa, na bei yake

Yapo yaliyotolewa, na ni dhulma kuyakanusha. Ardhi ilitaifishwa Machi 1964, na ugawaji wa eka tatu tatu ukaanza mwaka uliofuata. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure, na siku hiyo huadhimishwa mpaka leo. Matibabu yakawa bure. Wazee wasio na watu walijengewa makaazi Sebleni na Welezo, jambo ambalo serikali chache za Afrika zilikuwa zimelifikiria wakati ule. Kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki zikaja nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani, na kisha zile treni ndefu za Michenzani zilizokata Ng'ambo njia nne. Bibi mmoja wa Kikwajuni aliniambia kwamba mara ya kwanza kufungua bomba ndani ya nyumba yake alilifunga haraka, akidhani ameharibu kitu.

Lakini huduma hizo zilikuja kama tunza ya mkubwa. Hazikuja kama haki ambayo mtu angeweza kuidai au kuishitakia. Mwenye eka tatu hakumiliki ardhi kwa hati ya kuuza, na angeweza kunyang'anywa. Wafanyakazi walitakiwa kujitolea katika ujenzi baada ya saa za kazi, na "kujitolea" kulikuwa na daftari la mahudhurio. Watoto wa skuli walipelekwa kuchuma karafuu. Mkulima aliuza karafuu zake kwa serikali tu, kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, na aliyezivusha kwenda Mombasa alikabiliwa na adhabu kali mno. Katika miaka ya mwisho ya Mzee Karume kulikuwa na akiba kubwa ya fedha za kigeni nje, ilhali mjini watu walipanga foleni ya mchele na unga. Chama huru cha wafanyakazi kingeuliza kwa nini. Hakikuwepo.

Makomredi wenyewe waliliwa na chombo walichosaidia kukiunda. Babu aliondolewa katika baraza la mawaziri la Muungano Februari 1972. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili mwaka huo, na kamatakamata iliyofuata iliwakumba Umma wa zamani kuliko kundi lolote jengine. Babu alihukumiwa kifo na mahakama ya Zanzibar akiwa hayupo mahakamani, akakaa jela Bara mpaka 1978. Alifariki London mwaka 1996. Waliotoka jela walitawanyika: Uingereza, nchi za Skandinavia, na baadhi wakaja huku huku Ghuba, wakanunua mkate duka moja na watu waliowakimbia mwaka 1964. Sheikh Ali Muhsin, aliyefungwa Bara miaka 10 na serikali ile ile, kumbukumbu zake za Kiingereza zilichapishwa hapa Dubai mwaka 1997. Watu wawili waliogombana Unguja mwaka 1963 juu ya nani agombee wapi walimaliza maisha yao uhamishoni, kila mmoja akiandika kueleza kwa nini yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Deira na kiinua mgongo

Waliofika Dubai katika miaka ya 1960 walikuta mji mdogo wenye kazi nyingi na watu wachache waliosoma kwa mtindo wa kiofisi. Karani wa Unguja aliyejua Kiingereza, Kiarabu na kupiga chapa alipata kazi. Bandari ya Rashid ilipofunguliwa mwaka 1972 wapo waliokuwa wamefanya kazi bandari ya Malindi ambao sasa walihesabu shehena huku. Hawakuwa na chama cha wafanyakazi na wengi wao hawakukitaka. Walikuwa wameona kilikowafikisha. Walichotaka ni mshahara unaofika kwa wakati na pahala pa kulala bila ya kubishiwa hodi usiku. Nawaelewa.

Hata hivyo, baadhi ya mambo waliyoyadai makomredi yalikuja hapa kwa njia ya sheria, kutoka juu. Sheria ya kazi ya Imarati ya mwaka 1980, na ile iliyochukua nafasi yake mwaka 2022, zinampa mfanyakazi malipo ya mwisho wa utumishi: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Wazee wetu waliyaita malipo hayo kwa neno walilotoka nalo kwao, kiinua mgongo. Kijana wa leo anayepokea pesa hiyo na kununulia gari hajui kwamba neno lile linamchora mtu aliyeinama chini ya gunia.

Huko Zanzibar nako mambo yamesogea kwa mwendo wake. Mfuko wa hifadhi ya jamii ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, vyama vya wafanyakazi vikarudi, na sheria mpya za ajira na mahusiano kazini zikapitishwa mwaka 2005. Aprili 2016 serikali ilianza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au hapana, awe wa chama gani au wa asili gani. Kiasi ni kidogo. Lakini ni pencheni ya kwanza ya namna hiyo Afrika Mashariki iliyogharimiwa yote na serikali yenyewe, na mchumaji wa karafuu aliyelipwa kwa pishi maisha yake yote anaipokea sawa na karani mstaafu. Mwaka 1963 dai hilo lingeitwa la kikomunisti katika nyumba niliyolelewa.

Katika masanduku ya familia zetu bado zimo kadi za vyama vya wafanyakazi za rangi ya udongo, risiti za ada za mwezi, nakala za ZANEWS zilizokunjwa ndani ya msahafu au kitabu cha hesabu za duka, na picha za mikutano ya Malindi na Mnazi Mmoja ambazo nyuso za pembeni hazijaandikwa majina. Nyingi zilifichwa kwa khofu, kwanza ya serikali, kisha ya jamaa. Nimeoneshwa kadi mbili za ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, moja ya shirikisho la Moyo na moja ya shirikisho la Qullatein, zote za mwaka 1962, zimefungwa kwa uzi mmoja. Mjukuu aliyenionesha hakujua ipi ni ya nani.